Je, Wajua? Kibao cha taa hakili umeme unavyodhani

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima. Ukifunga duka kabla ya hapo, kibao cha kuchora chenye herufi nene nyeupe juu ya buluu iliyokoza kinakutosha; nyekundu huwahi kupauka juani. Duka la dawa linalouza mpaka saa 4 usiku ni habari nyingine: linahitaji kibao cha taa. Kibao cha LED cha wati 30, kikiwashwa kwa saa 5 kila usiku, hutumia uniti 1 ya umeme kwa karibu siku 7. Hakikisha tu fundi ameziba maungio ya nyaya, maana mvua ikipenya, herufi huzimika mojamoja. Kabla hujalipa, simama ng'ambo ya barabara saa 2 usiku uone kama duka lako linaonekana.