Kariakoo: Mpangaji Ananunua Luku, Paa ni la Mwenye Jengo

Ukipita nyuma ya maghorofa ya Kariakoo, Dar es Salaam, saa nane mchana, utakuta viyoyozi vimening'inia ukutani toka chini hadi juu, kila kimoja kikimpulizia mwenzake hewa ya moto. Kiyoyozi kinachofanya kazi katikati ya joto hilo hula umeme zaidi. Uchochoroni, jenereta la dizeli linasubiri umeme ukatike.

Tupige hesabu. Yuniti moja ya umeme wa Luku, unaolipiwa kabla ya kutumika, pamoja na kodi na tozo, ni takriban shilingi 356. Fremu ya duka yenye kiyoyozi kinachokula yuniti 8 kwa siku inalipa karibu shilingi 74,000 kwa siku 26 za kazi. Anayelipa ni mpangaji. Aliyeweka vioo vitupu upande wa jua la jioni ni mwenye jengo, na gharama ya Luku haimgusi. Ndiyo maana maghorofa hayaboreshwi.

Ujuzi wa kujenga bila kutegemea viyoyozi upo. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, lina paa la miavuli ya zege linalopitisha hewa na kukinga maji ya mvua. Lilipoungua Julai 10, 2021, Serikali ililikarabati badala ya kulibomoa. Uamuzi huo ulikuwa na faida kwa mazingira pia, kwani saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotolewa na shughuli za binadamu duniani, na kila jengo linalovunjwa linadai zege jipya.

Kwa upande wa umeme wenyewe, Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limepunguza utegemezi wa gesi kwenye gridi. Kazi iliyobaki mjini ni kupunguza dizeli, zege na joto.

Kivuli kianze: vikinga-jua juu ya madirisha, rangi nyeupe kwenye paa, feni kabla ya kiyoyozi. Kisha sola. Paneli za paa dogo haziwezi kuendesha viyoyozi vya ghorofa nane, lakini zinamudu taa na pampu ya maji, tena mchana, wakati maduka yako wazi, bila betri kubwa. Paneli zenyewe zinauzwa hapo hapo Kariakoo.

Kinachokosekana ni mkataba: mwenye jengo aweke mtaji, wapangaji wamrudishie sehemu ya fedha wanayookoa kwenye Luku. Shirika la Nyumba la Taifa, lenye majengo mengi katikati ya jiji, liweke sharti hilo kwenye mikataba yake ya ubia. Wengine watafuata wakishaona faida.