Ubao mmoja wa Jebel, wasomaji wa kila namna

KATIKA soko la Jebel jijini Juba, kando ya barabara iendayo Yei, kuna ubao mweusi uliopigiliwa ukutani chini ya bati. Huandikwa kila siku isipokuwa Jumapili. Anayepita husoma bure, bila kuulizwa jina wala kabila.

Ubao huo ni wangu. Mimi ni mwalimu. Nilisomea kambini Kakuma, Kenya, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992 hadi nilipomaliza sekondari, nikarejea nyumbani 2007. Wafanyabiashara wa Nimule na Elegu huniuliza mara kwa mara namna ubao unavyoendeshwa, na kwa nini niliupanga upya mwaka 2023. Haya ndiyo majibu yangu.

Tulikotoka

Sisi tuliokulia kambini tunajua uzito wa ubao. Mwaka 2000 na 2001, vijana wetu zaidi ya 3,000 walipopelekwa Marekani, majina ya walioitwa kwenye mahojiano yalibandikwa ubaoni. Watu walisukumana kuyasoma. Asiyejua kusoma alimshika mkono mwenzake.

Mwishoni mwa 2008, wakimbizi wa Kakuma walianzisha gazeti lao huru, Kakuma News Reflector, maarufu kama KANERE. Lakini mtu aliyenifungua macho zaidi ni Alfred Sirleaf wa Monrovia, Liberia. Mwaka 2000 alianzisha Daily Talk, gazeti la chaki lililoandikwa kwenye ubao kando ya barabara kuu. Enzi za Charles Taylor kibanda chake kilivunjwa naye akatiwa korokoroni kwa muda, lakini mwaka 2005 alianza tena. Kwa wasiojua kusoma alitundika vitu: kofia ya buluu ikiwa habari inahusu wanajeshi wa Umoja wa Mataifa.

Vifaa

Kinachohitajika ni plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, rangi nyeusi ya ubao, brashi, msasa laini, chaki na kitambaa cha pamba. Rangi hupakwa mara mbili. Baada ya mkono wa kwanza kukauka kabisa, sugua kwa msasa ndipo upake wa pili.

Ubao mpya usiuandike mara moja. Lalisha chaki, uipake ubao mzima mpaka uwe mweupe, kisha uufute. Usipofanya hivyo, maneno ya siku ya kwanza yatabaki yakionekana chini ya kila utakachoandika baadaye.

Wapo walionishauri ninunue ubao mweupe na kalamu za wino. Nilikataa kwa sababu mbili. Jua la Juba hukausha kalamu hizo upesi, na ubao mweupe ukipigwa na jua humulika macho ya msomaji. Chaki ni rahisi kupatikana, na hata kipande kifupi bado kinaandika.

Adui mkubwa ni mvua, ambayo hapa hunyesha kuanzia Aprili hadi Oktoba. Ndiyo maana bati limetokeza mbele futi mbili. Rangi naipaka upya mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua.

Kwa nini niliupanga upya

Mwanzoni niliandika kwa Kiingereza na Kiarabu cha Juba, mistari iliyofuatana kama barua. Iliwatosha wasomaji wa wakati ule, wengi wao walimu na watumishi wa ofisini.

Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, ndugu zetu walianza kurejea kwa maelfu kupitia Joda na Renk, na baadhi wakafika Jebel. Waliosomea Khartoum wanasoma herufi za Kiarabu. Waliosomea Kenya na Uganda wanasoma Kiswahili na Kiingereza. Na kuna mama wauza unga ambao hawakusoma popote, ila hesabu wanaijua kuliko mimi.

Kuandika kila habari mara tatu kungemaliza ubao. Basi niliugawa kwa nguzo tatu. Kushoto ni bei na fedha. Katikati ni barabara. Kulia ni watu: wanaotafutwa na jamaa zao, kazi na nafasi za shule.

Kila nguzo nikaipa alama, kama Sirleaf. Gunia ni unga, sarafu ni dola, gurudumu ni barabara. Gurudumu likiwa na chaki nyekundu, njia haipitiki. Tarakimu ni za aina moja tu, zile zilizo kwenye noti za pauni yetu, kwa kuwa kila mtu amezishika mkononi. Maneno machache yanayobaki huandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu.

Kazi ya kila siku

Saa kumi na mbili asubuhi nawapigia simu madereva wawili waliolala Nimule, kilomita 192 kutoka hapa. Kisha nauliza bei ya unga kwa wauzaji watatu na ya dola kwa wabadilishaji watatu. Naandika ya chini na ya juu, na saa niliyouliza. Bei ikibadilika mchana, sifuti. Naikata kwa mstari na kuandika mpya chini yake, ili msomaji aone ilikotoka.

Saa ina maana yake. Desemba 2015, pauni ilipoachiwa ielee, dola iliruka kutoka karibu pauni 3 hadi zaidi ya 18 kwa bei rasmi, kwa mkupuo mmoja. Aliyeuza mali kwa bei ya jana alipoteza mtaji.

Mbadilishaji mmoja aliwahi kuniomba niandike dola kwa bei ya chini hadi adhuhuri, akaahidi chaki za mwaka mzima. Nilimwambia akae pale ukutani awaeleze yeye mwenyewe kina mama wa unga. Aliondoka.

Habari za usalama zina masharti makali zaidi. Julai 2016 mapigano yalifika hapa Jebel, na wengi walikimbia huku na huku kwa kufuata maneno ya mdomoni. Kwa hiyo siandiki "inasemekana". Naandika alichoona dereva aliyepita mwenyewe, au kilichotangazwa redioni. Kabila la mtu haliandikwi kamwe.

Jioni, kabla ya kufuta, napiga picha kwa simu na kunakili bei kwenye daftari lenye tarehe. Daftari hilo limewahi kuamua ugomvi wa washirika wawili waliobishana unga uliuzwaje siku walipogawana mzigo. Walifungua ukurasa, wakahesabu, wakalipana.

Anayetaka kuanzisha ubao wake Nimule, Kaya au Torit asisubiri fedha nyingi. Atafute kwanza watu watatu wa kumwambia bei bila kumficha, na dereva mmoja anayepokea simu alfajiri. Plaiwudi atainunua baadaye.