Una kisukari na unapenda bao? Usiache mlo ukupite

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na likikolea hukuweka barazani tangu alasiri hadi magharibi. Faida zake zipo: unahesabu, unakumbuka, unacheka na wenzako.

Lakini kama unatumia insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, jihadhari. Dawa huendelea kufanya kazi mwilini hata ukiahirisha kula ili umalize mchezo.

Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Ukianza kukosea hesabu za kete, wenzako watadhani umezidiwa mchezo na kukutania, kumbe unahitaji msaada. Waambie mapema kuwa una kisukari.

Kipimo kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, au dalili zikitokea na huna kipimo, kunywa mara moja maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ukipata nafuu, kula chakula.

Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Mzazi, mwanao mwenye kisukari naye husahau kula akizama mchezoni. Mwite ale kwa wakati. Kete zitamsubiri.