Programu Usizoziomba

Ukinunua simu mpya ya Android hapa Wawi, Pemba, kabla hujatia laini utakuta Chrome, YouTube, ramani na sehemu ya kutafutia ya Google zimeshawekwa. Jaribu kuzifuta, nyingi zinakubali kuzimwa tu. Wengi huziona zawadi kwa kuwa hazikulipiwa. Sheria ya ushindani huuliza jengine: aliyeitengeneza simu alikuwa na hiari ya kuziacha?

Mkulima wa Wawi atalielewa swali hili haraka. Kwa sheria, karafuu zake zina mnunuzi mmoja, Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hutolewa mafuta kiwandani hapa hapa. Tuchukulie, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba mnunuzi pekee wa karafuu anakataa za mtu yeyote asiyemuuzia na makonyo pia. Mwengine mwenye mtambo wa mafuta angekosa malighafi, hata kama mafuta yake ni bora zaidi. Kuhodhi soko moja ni jambo moja. Kulitumia kuteka la pili ndiko sheria inakokutazama.

Microsoft ilishitakiwa Marekani mwaka 1998 kwa kuifunga Internet Explorer, kivinjari chake, na Windows, huku kivinjari pinzani cha Netscape kikipoteza soko. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba kampuni ililinda ukiritimba wake isivyo halali, lakini ikakataa kusema kuwa kila ufungaji wa programu ni kosa papo hapo. Lazima faida na madhara yapimwe. Naiunga mkono tahadhari hiyo, kwani hakuna anayetaka kununua kikokotoo cha simu peke yake.

Ugumu mkubwa umo kwenye tiba. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliitoza Microsoft yuro milioni 497 na kuiamuru iuze pia Windows isiyo na Media Player, programu yake ya muziki na video. Ikauza, ila kwa bei ile ile ya Windows kamili. Nani alipe sawa apate pungufu? Toleo hilo halikupata wateja wa maana. Ushindi huo wa kisheria haukumfikia mtumiaji hata kidogo. Mwaka 2009 ikaja njia ya busara zaidi: kompyuta imuonyeshe mtu orodha ya vivinjari achague mwenyewe. Microsoft ilipoacha kuionyesha kwa mamilioni ya watu, ilitozwa yuro milioni 561 mwaka 2013.

Kisha Android. Mwaka 2018 Ulaya iliitoza Google yuro bilioni 4.34, zilizopunguzwa mahakamani mwaka 2022 hadi bilioni 4.125. Miongoni mwa makosa: watengenezaji waliotaka duka la Play walilazimishwa kuweka na Chrome na huduma ya kutafuta.

Sisi je? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2018 na tume yake. Soko letu ni dogo, lakini kwa wengi Pemba simu ndiyo kompyuta pekee, hivyo kilichowekwa mwanzo ndicho kitakachotumika. Kenya ilionyesha mwaka 2014 kwamba hatua ndogo huzaa: mawakala wa M-Pesa waliruhusiwa kuhudumia na mitandao mengine. Tume yetu inaweza kuanza kwa kudai orodha ya kuchagua, kwa Kiswahili, simu inapowashwa mara ya kwanza, kama wanavyoipata wanunuzi wa Ulaya.