KUPUNGUZWA KAZI NA KUPATA KAZI MPYA: LIPI LITANGULIZWE?

Wakaazi wa Unguja na Pemba walioajiriwa Tanzania Bara, pamoja na familia zinazowategemea, wanatanabahishwa juu ya jambo linalowatia hasarani wafanyakazi wengi. Jambo lenyewe ni uamuzi wa mfanyakazi ambaye mwajiri wake ametangaza nia ya kupunguza watu na, kabla ya shughuli hiyo kukamilika, akajitokeza mwajiri mwengine wa kumpa kazi. Je, aende, au asubiri malipo ya kupunguzwa?

Wazee husema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hutumiwa sana kumzuia mtu asiondoke alipo. Inafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba katika hali inayozungumzwa hapa mbachao wenyewe umeshaanza kukunjwa. Busara, basi, ni kujua kwanza thamani halisi ya kila kimoja, na ndipo uamuzi ufanywe.

Sheria inayohusika

Masuala ya ajira katika sekta binafsi si ya Muungano. Mfanyakazi wa Zanzibar husimamiwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huo huo, na maelezo yake hupatikana Kamisheni ya Kazi. Aliyeajiriwa Bara husimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004. Hesabu zinazofuata ni za sheria hiyo ya Bara, na zisitumiwe kwa ajira za Visiwani.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi hana budi kutoa taarifa ya kusudio lake, kueleza sababu, na kushauriana na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa au na wafanyakazi wenyewe. Mashauriano hayo hugusa njia za kuepusha au kupunguza idadi ya watakaoondoka, namna ya kuwachagua, wakati wa kuondoka na malipo yao. Pasipopatikana maafikiano, suala hupelekwa katika usuluhishi. Kwa hivyo, tarehe inayotajwa katika mkutano wa mwanzo si tarehe ya kutegemewa, kwani yaweza kusogea mbele, na pengine idadi ya wanaoondolewa ikabadilika.

Kiwango cha malipo

Wafanyakazi wengi huyadhania malipo ya kupunguzwa kuwa makubwa kuliko yalivyo, na wengine huyachanganya na mafao ya uzeeni. Kiwango cha chini kilichowekwa na sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia wa utumishi mfululizo, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Mwenye miaka 10 na mwenye miaka 25, kwa kiwango hicho, wote hulipwa siku 70. Aliyetumikia chini ya miezi 12 hapati. Mkataba wa hali bora baina ya chama cha wafanyakazi na mwajiri waweza kutoa zaidi, na ni wajibu wa kila mfanyakazi kuusoma. Michango ya hifadhi ya jamii ni haki nyengine, wala haipotei kwa kupokea malipo haya.

Lipo sharti moja linalosahauliwa: malipo haya hutolewa pale mwajiri anapositisha ajira. Anayeandika barua ya kuacha kazi mwenyewe, hata siku moja kabla ya kupewa notisi ya kupunguzwa, amejiondolea haki hiyo kwa mkono wake. Aidha, sheria inamnyima malipo haya yule anayepunguzwa akakataa, bila ya sababu ya msingi, kazi mbadala kwa mwajiri huyo au kwa mwajiri mwengine. Kwa hivyo kungojea malipo huku mtu akikataa kila kazi anayopewa si njia ya salama kama inavyodhaniwa.

Mfano wa hesabu

Uchukuliwe mfano wa mtunza ghala mzaliwa wa Wete anayefanya kazi Dar es Salaam siku 6 kwa wiki. Ametumikia miaka 13, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 520,000 kwa mwezi. Mshahara huo ukigawanywa kwa siku 26 za kazi, siku moja ni shilingi 20,000. Siku 7 ni shilingi 140,000, na kwa miaka 10 inayohesabiwa malipo yake ni shilingi 1,400,000. Mwajiri amesema upunguzaji utafanyika baada ya miezi 3. Wakati huo huo hoteli moja ya Unguja inamtaka aanze kazi mwezi ujao kwa shilingi 450,000.

Akisubiri, katika miezi hiyo 3 atapokea mishahara ya shilingi 1,560,000, ambapo hotelini angepata shilingi 1,350,000. Tofauti ni shilingi 210,000. Ikijumlishwa na malipo ya kupunguzwa, faida yote ya kusubiri ni shilingi 1,610,000. Fedha hiyo ni sawa na mshahara wa hoteli wa miezi mitatu na nusu hivi. Maana yake ni kwamba, iwapo baada ya kupunguzwa atapata kazi nyengine ya mshahara kama wa hoteli ndani ya muda huo, kusubiri kumemfaa. Akikaa bila ya kazi zaidi ya hapo, amekula hasara, na kila mwezi unaopita huiongeza. Kodi ya chumba cha Dar es Salaam na nauli ya boti ya kuja kutazama watoto nazo zimo katika hesabu.

Suala la kujiuliza, kwa hivyo, ni muda gani mtu wa kazi yake na umri wake huchukua hadi kupata kazi. Kijana fundi wa umeme na mtunza ghala wa miaka 50 hawana jibu moja.

Haki na fedha mkononi

Jambo jengine la kuzingatiwa ni uwezo wa mwajiri kulipa. Funzo la kutosha limo katika yaliyowapata wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977, na mwaka 1984 nchi tatu wanachama zikatiliana saini mkataba wa kugawana mali na madeni yake. Wafanyakazi wa Tanzania waliendelea kudai hadi mahakamani, na makubaliano ya malipo yao yakafikiwa mwaka 2005, yaani miaka 28 baada ya kuvunjika. Baadhi yao walikwishatangulia mbele ya haki. Mwajiri anayechelewesha mishahara hivi leo asitegemewe kuwa mwepesi wa kulipa kesho.

Njia ya tatu

Mara nyingi wafanyakazi huona njia mbili tu, kuacha kazi au kungoja. Ipo njia ya tatu, nayo ni kusema. Kwa kuwa sheria imeruhusu kushauriana juu ya nani aondoke na lini, mfanyakazi mwenye kazi mkononi aweza kuomba kwa maandishi, kupitia chama chake, awe miongoni mwa watakaopunguzwa mwanzo. Mwajiri halazimiki kukubali, lakini aghalabu hupendelea anayeondoka kwa ridhaa kuliko kumtoa asiyetaka. Barua ya makubaliano iseme wazi kwamba ajira imesitishwa na mwajiri kwa sababu ya kupunguza wafanyakazi, na itaje kiasi na tarehe ya malipo. Mwajiri mpya naye aombwe kusogeza tarehe ya kuanza.

Kwa muhtasari, wafanyakazi wanashauriwa:

1. Wasiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kupata mkataba wa kazi mpya uliotiwa saini. Ahadi ya mdomo haitoshi.

2. Atakayeamua kuacha atoe notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28, na asiyeifanyia kazi aweza kukatwa fedha zake.

3. Wadai malipo ya likizo wasizochukua na cheti cha utumishi, na waulize juu ya michango yao wanapohama kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii wa Bara kwenda ule wa Zanzibar.

4. Mwenye malalamiko dhidi ya mwajiri wa Bara ayafikishe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema. Kwa anayelalamikia kusitishwa ajira isivyo halali, muda ni siku 30.

Uamuzi wa mwisho ni wa mfanyakazi na familia yake. Kinachosisitizwa ni kwamba ufanywe kwa kalamu na karatasi, kabla ya saini yoyote kuwekwa.