Huna oveni? Mafini za ndizi zinaiva kwa sufuria

Zile ndizi zenye madoa meusi ambazo mama mboga anakupunguzia bei, chukua. Wanga wake umeshageuka sukari, kwa hivyo ya pakiti hutaihitaji. Ponda 3, ongeza mayai 2, mafuta robo kikombe, unga wa atta kikombe 1 na nusu, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, mdalasini na iliki (itwange mwenyewe, ile ya kununua imesagwa huwa haina harufu). Usikoroge sana, zitakuwa ngumu.

Sasa jiko. Mwaga mchanga mkavu kwa sufuria nzito, funika, ipashe dakika 10. Panga juu yake vikombe vya bati ulivyopaka mafuta na kujaza nusu, funika tena, punguza moto. Baada ya dakika 30 dunga kijiti. Kikitoka kikavu, zimeiva. Kesho beba mbili kazini, pesa ya mandazi ibaki mfukoni.