Mchoro Ulio Ndani ya Bamba

Maji yakishatoka Wambaa, kusini-magharibi mwa Pemba, mizizi ya mikoko hubaki wazi. Ni mistari mitupu: mingine minene, mingine myembamba, inapandana na kupishana hadi jicho lishindwe kujua mzizi upi ni wa mti upi, na chini yake tope jeusi linalong'aa. Mchoraji wa rangi anaweza kuipita mandhari hiyo akenda kutafuta machweo. Mchapaji atakaa. Kama ningetakiwa kuchagua mahali pamoja Pemba pa kumfundishia mtu namna ya kuchora kwa tindikali, ningemketisha hapo.

Kazi yenyewe huanza na bamba la shaba nyekundu au zinki, lililosuguliwa mpaka likang'aa. Fundi hulipasha moto kidogo, kisha hulipaka utando mwembamba wa nta ya nyuki iliyochanganywa na lami na ulimbo. Utando ukishaganda huchukua sindano na kuanza kuchora. Sindano haikati chuma, inafunua nta tu; ndiyo maana mkono huenda kwa wepesi uleule wa kuandika kwa kalamu. Kuchimba ni kazi ya tindikali. Bamba likizamishwa humo, palipo na nta panasalimika, palipofunuliwa panaliwa na kuwa mfereji.

Hapa ndipo muda unapoingia kazini. Mfereji ulioliwa kwa dakika chache hushika wino kidogo na kutoa mstari wa kijivu. Ulioliwa kwa muda mrefu hutoa weusi mzito, kama ukili unavyokolea rangi kadiri unavyochemka sufuriani. Tuseme mchoraji wetu wa Wambaa anataka kisiwa cha Misali kionekane hafifu kwa mbali na mizizi iliyo miguuni pake ionekane nzito. Atalitoa bamba mapema, ataifunika Misali kwa vanishi ili isiliwe tena, kisha atalirudisha bamba kwenye tindikali. Anaweza kufanya hivyo mara tatu, mara nne, kila mara akifunika sehemu iliyotosha. Umbali, kwenye mchoro huu, unapimwa kwa saa.

Bamba likisafishwa hupakwa wino mzito kote, halafu wino huo unafutwa kwa shashi ngumu, na mwisho kwa kiganja. Unaobaki ni ule uliojificha ndani ya mifereji. Karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu yake, ikafunikwa blanketi, vyote vikapitishwa katikati ya rola mbili za chuma zenye mbano mkubwa. Mbano huo huisukuma karatasi ndani ya mifereji ikauchukue wino. Ukipitisha kidole juu ya chapa iliyokauka utauhisi mstari umeinuka, na pembeni utaona alama ya ukingo wa bamba imedidimia kwenye karatasi. Na kila kitu kimegeuka: mtumbwi uliokuwa unakwenda kulia sasa unakwenda kushoto.

Napenda sanaa hii kwa sababu mchoraji hana budi kuikabidhi kazi yake kwa kitu kingine. Anachora akiwa haoni mchoro kamili, anauachia tindikali, anaufunika wino, na chapa ya kwanza inapobanduliwa humjia hata yeye kama habari mpya. Brashi haimpi mtu jambo hilo.

Sanaa hii ilizaliwa kwenye silaha. Mafundi wa Ulaya waliokuwa wakipamba mavazi ya vita kwa tindikali walikuwa tayari wanaijua siri yake, na yapata mwaka 1500 Daniel Hopfer wa Augsburg akaanza kuyatia wino mabamba ya namna hiyo na kuyachapa kwenye karatasi. Albrecht Dürer aliijaribu kwenye chuma kati ya 1515 na 1518, kisha akaiacha. Aliyeifikisha mbali zaidi ni Rembrandt, aliyeacha mabamba yapatayo 300. Alikuwa haogopi kulirudia bamba. Mchoro wake wa misalaba mitatu, wa 1653, aliukwangua na kuuchimba upya hata umati uliokuwa unaonekana wazi katika chapa za mwanzo ukamezwa na giza katika zile za baadaye. Baadhi ya chapa zake alizitoa kwenye karatasi ya Japani, iliyoletwa na merikebu za Kiholanzi zilizokuwa zikiivuka Bahari yetu ya Hindi.

Lakini uchapaji kwa jumla haukuanzia Ulaya, na msomaji wa pwani anastahili kulijua hilo. Misri ilikuwa ikichapa hirizi zenye aya za Kurani yapata karne ya 10, miaka mia kadhaa kabla ya Gutenberg. Zilizosalia zimo katika makumbusho hadi leo.

Kwetu Tanzania, nyumba iliyoulea uchapaji wa bamba ni Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. George Lilanga, Mmakonde aliyejifunza kuchonga tangu utotoni, aliingia hapo miaka ya 1970 akiwa mlinzi, akatoka msanii anayejulikana duniani. Wengi wanamfahamu kwa michoro yake ya rangi kali, lakini alichapa pia, na mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo mbele wanapendeza sana wakiwa wino mtupu kwenye karatasi nyeupe. Mwenzake Robino Ntila alijenga jina lake hasa kwenye chapa. Sidhani ni bahati tu kwamba Wamakonde waliipokea sanaa hii haraka: mtu aliyezoea kupata umbo kwa kuondoa mti hashangazwi na mstari unaopatikana kwa kuondoa chuma.

Wapo wanaoidharau chapa kwa kuwa zipo nyingi. Wanaiona nakala. Ningependa waitazame kanga. Mwanamke wa Wambaa aliyejifunga kanga hajioni amevaa nakala, ingawa mji uleule, pindo lilelile na jina lilelile vimo katika maelfu ya doti. Aliyoivaa ni kanga yenyewe. Chapa nayo ni hivyo: picha haikuwahi kuwepo kwingine ikanakiliwa, kila karatasi iliyotoka kwenye bamba ndiyo kazi. Mchapaji huandika kwa penseli chini yake, tuseme 3/30, yaani ya tatu kati ya thelathini, akatia saini. Na kwa kuwa zipo thelathini, mwalimu wa shule anaweza kununua moja.

Anayetaka kuanza huko Pemba asisubiri shaba wala mashine. Ubao wa mwembe, mti uleule unaochongwa mitumbwi, huchongeka vizuri. Chonga pasipotakiwa wino, paka wino palipobaki, weka karatasi, sugua kwa mgongo wa kijiko. Akishazoea, atafute bati la alumini na mrututu, dawa ya buluu ambayo wakulima huitumia dhidi ya ukungu wa mimea. Mrututu uliyeyushwa pamoja na chumvi ya kupikia hula alumini bila tindikali kali. Hata hivyo mchanganyiko huo hupata joto na kutoa gesi inayoshika moto, kwa hiyo afanyie nje, avae glovu, na chombo alichotumia kisirudi jikoni kamwe. Alumini ni laini kuliko shaba, na mistari yake hulala mapema chini ya rola. Atoe chapa chache wakati bado ni mikali, kisha akate bati jingine.